Anayekuja Kudai Pango: Mamlaka na Wajibu wa Msimamizi wa Nyumba ya Kupanga

Katika vijiji na miji mingi ya Mkoa wa Lindi, mwenye nyumba na mpangaji wake hawaishi mahali pamoja. Nyumba iko Kilimarondo, mwenyewe yuko Nachingwea mjini, Ruangwa, Masasi au Dar es Salaam. Mpangaji ni mwalimu aliyepangiwa shule ya kata, mhudumu wa afya, afisa ugani, fundi, au mfanyabiashara aliyefuata msimu wa korosho na ufuta. Kati ya hao wawili husimama mtu wa tatu: ndugu wa mwenye nyumba, jirani anayeaminika, dalali, au kampuni. Huyo ndiye anayeonyesha chumba, anayepokea pango, na anayeitwa bati linapovuja. Huyo pia ndiye anayeleta habari kwamba pango limepanda au kwamba nyumba inatakiwa. Katika mwongozo huu tunamwita msimamizi wa nyumba.

Makala hii inaeleza sheria inamtaka msimamizi huyo afanye nini, na inamkataza nini. Jambo kuu la kushika ni hili: msimamizi ana mamlaka yale tu aliyopewa na mwenye nyumba, na mwenye nyumba hapungukiwi na wajibu wowote kwa sababu ameweka msimamizi. Mpangaji anayeyaelewa mambo hayo mawili hulipa pango mahali panapostahili, hudai matengenezo kwa anayewajibika, wala hatolewi nyumbani kwa vitisho.

Sheria zinazomhusu msimamizi

Tanzania Bara haina sheria moja iliyotungwa mahsusi kwa ajili ya wasimamizi wa nyumba za kupanga. Kanuni zinazowafunga zimetawanyika katika sheria kadhaa. Zilizo muhimu zaidi kwa mpangaji ni hizi:

1. Sheria ya Ardhi, Na. 4 ya 1999, ambayo ndani yake yamo masharti ya upangishaji: wajibu wa mpangishaji, wajibu wa mpangaji, notisi, na namna pango linavyokoma.
2. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, inayohusu nyumba zilizojengwa katika ardhi ya kijiji.
3. Sheria ya Mikataba, ambayo inaeleza uhusiano wa wakala na aliyemtuma. Msimamizi wa nyumba, hata akiwa mpwa wa mwenye nyumba, mbele ya sheria ni wakala.
4. Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi, Na. 2 ya 2002, inayoonyesha mahali pa kupeleka mgogoro.
5. Sheria ya Ushindani, Na. 8 ya 2003, inayokataza mtoa huduma kumpotosha mlaji.
6. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya 2022, inayohusu nakala za vitambulisho na taarifa nyingine za mpangaji.

Wapo wapangaji wanaokumbuka kwamba zamani ilikuwapo Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Nyumba ya 1984, ambayo iliweka mipaka ya pango na kumkinga mpangaji dhidi ya kuondolewa. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo hakuna chombo kinachopanga kiwango cha pango la nyumba ya mtu binafsi, wala hakuna kifungu kinachomkataza mwenye nyumba kudai miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo. Mambo hayo sasa huamuliwa na makubaliano, na ndiyo sababu makubaliano yenyewe yanapaswa kuangaliwa kwa makini kuliko zamani.

Wenzetu wa Kenya wamechagua njia nyingine. Huko, sheria ya mawakala wa majumba ya 1984 inamtaka mtu anayesimamia au kupangisha nyumba za wengine kama kazi yake awe amesajiliwa na bodi. Kwetu, mpangaji hana daftari la namna hiyo la kuchungulia jina la msimamizi. Uhakiki unabaki mikononi mwake mwenyewe.

Hakikisha mamlaka kabla ya kutoa fedha

Tuchukue mfano. Mwalimu anahamia Kilimarondo mwezi Januari. Anaonyeshwa chumba na sebule na kijana anayesema kwamba nyumba ni ya mjomba wake aliyeko Dar es Salaam. Pango ni shilingi 30,000 kwa mwezi, nalo linadaiwa la miezi sita. Mwalimu anatoa shilingi 180,000 mkononi na kukabidhiwa ufunguo. Mwezi Machi anafika mdogo wake mwenye nyumba na kutangaza kwamba kijana yule hakutumwa na mtu, na kwamba pango linapaswa kulipwa upya.

Je, mwalimu analipa mara mbili? Jibu linategemea alichokuwa nacho mkononi kabla ya kulipa.

Ikiwa mwenye nyumba alimwambia mwalimu kwa barua, kwa ujumbe wa simu au hata kwa mdomo kwamba amlipe mpwa wake, malipo yale ni halali kama vile yamepokelewa na mwenyewe. Mpwa akizila fedha, hilo ni jambo kati yake na mjomba wake. Sheria ya Mikataba inamtaka wakala atoe hesabu na kukabidhi alichopokea, lakini haimpi mwenye nyumba ruhusa ya kumdai tena mpangaji aliyelipa kwa uaminifu.

Ikiwa mwenye nyumba hakutamka neno, lakini kwa miaka amekuwa akiwaacha wapangaji wengine walipe kwa mpwa huyo naye akipokea fedha bila kulalamika, anafungwa na mwenendo wake. Aliyemfanya mtu wa nje aamini kwamba fulani ni wakala wake hawezi baadaye kumkana.

Lakini ikiwa mwenye nyumba hakusema wala hakutenda lolote la kumfanya kijana yule aonekane wakala, mwalimu yuko mahali pabaya. Dai lake linabaki kwa kijana, ambaye sheria inamwajibisha kulipa fidia kwa kudai mamlaka asiyokuwa nayo. Kujipatia fedha kwa udanganyifu ni kosa la jinai pia, na polisi wanaweza kuarifiwa. Hata hivyo, chumba chenyewe hana uhakika nacho.

Kwa sababu hiyo tunamshauri kila mpangaji afanye mambo manne kabla ya kulipa:

- Amwombe msimamizi barua ya mwenye nyumba inayomtambulisha. Barua hiyo itaje nyumba, itaje kama msimamizi anaruhusiwa kupokea pango, kusaini mkataba na kutoa notisi, na iwe na namba ya simu ya mwenye nyumba.
- Azungumze na mwenye nyumba mwenyewe kwa simu, kisha amwombe athibitishe kwa ujumbe wa maandishi. Ujumbe huo asiufute.
- Amuulize mwenyekiti wa kijiji au wa kitongoji, au afisa mtendaji wa kijiji, nyumba ile ni ya nani. Katika kijiji kama Kilimarondo swali hilo kwa kawaida hupata jibu siku hiyohiyo, nalo halina gharama.
- Akilipa kwa simu, asome jina linalotokea kabla ya kuthibitisha malipo. Jina likiwa tofauti na lililo kwenye barua, asimame kwanza na kuuliza.

Kama nyumba nzima inayopangishwa ni makazi ya mume na mke, Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka mwenzi mwingine aridhie. Saini ya wote wawili humwondolea mpangaji shaka. Na kama nyumba iko katika ardhi ya kijiji, na pango ni la muda mrefu au mpangaji si mkazi wa kijiji hicho, ni busara kuiuliza halmashauri ya kijiji mapema iwapo kibali chake kinahitajika.

Nyumba za umma zina utaratibu wake. Shirika la Nyumba la Taifa, Wakala wa Majengo Tanzania na halmashauri za wilaya husimamia nyumba zao kupitia watumishi wao, na malipo ya taasisi za umma hufanywa kwa namba ya malipo ya Serikali. Mtumishi anayetaka pango la nyumba ya umma alipwe mkononi aulizwe kwanza namba hiyo iko wapi.

Mkataba, stakabadhi na ujira wa dalali

Sheria ya Ardhi inakubali kwamba pango la muda mfupi, yaani la mwaka mmoja au pungufu, linaweza kufanywa kwa mdomo au kwa maandishi. Mpangaji asiye na karatasi kwa hiyo si mvamizi, na msimamizi anayemwambia "huna mkataba, huna haki" anasema lisilo kweli. Ugumu wa mkataba wa mdomo ni kuuthibitisha. Maneno mawili yakipingana, baraza litatazama stakabadhi, ujumbe wa simu na mashahidi.

Mkataba wa maandishi hauhitaji kurasa nyingi. Uwe na majina ya mwenye nyumba, msimamizi na mpangaji, vyumba vinavyopangishwa, kiasi cha pango na miezi iliyolipiwa, amana kama ipo, na masharti ya kuirudisha, nani anatengeneza nini, na muda wa notisi. Mkataba wa pango hutozwa ushuru wa stempu wa asilimia 1 ya pango la mwaka. Kwa pango la shilingi 30,000 kwa mwezi, pango la mwaka ni 360,000, na ushuru wake ni shilingi 3,600. Hati ambayo haijalipiwa ushuru huo inaweza kukataliwa kama ushahidi mpaka ushuru na adhabu yake vilipwe. Kwa hiyo kiasi hicho kidogo kisidharauliwe.

Kila malipo yatolewe stakabadhi. Msimamizi anayepokea fedha bila kuandika chochote anamnyima mpangaji ushahidi, na anamnyima mwenye nyumba hesabu. Mfano wa stakabadhi tumeuweka mwishoni mwa makala hii.

Katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa, wapangaji wengi wanaoishi kwa kilimo hulipa pango baada ya mauzo ya korosho. Fedha hizo huingia kwa awamu, kadiri minada ya chama kikuu cha ushirika cha RUNALI inavyofanyika na vyama vya msingi vinavyolipa wakulima. Msimamizi anayejua hali hiyo anaweza kukubali pango lilipwe kwa awamu. Makubaliano ya namna hiyo ni halali, ila yaandikwe pamoja na tarehe zake. Yasipoandikwa, mpangaji anaweza kuhesabiwa mdaiwa hata kama alidhani amesubiriwa.

Amana haijawekewa kiwango na sheria, wala ujira wa dalali. Desturi ya dalali kudai pango la mwezi mmoja imeenea, lakini ni desturi tu. Mpangaji anaweza kuijadili, na anapaswa kuambiwa kiasi chake kabla ya kuonyeshwa nyumba. Msimamizi anayelipwa na mwenye nyumba, kisha akamtoza mpangaji kwa siri, anavunja uaminifu wa uwakala: Sheria ya Mikataba haimruhusu wakala kujinufaisha katika kazi aliyotumwa bila aliyemtuma kujua. Na dalali anayesema nyumba ina maji ya bomba ilhali haina, au anayepokea fedha za chumba kimoja kutoka kwa watu watatu, anaingia katika upotoshaji unaokatazwa na Sheria ya Ushindani.

Pango litajwe na kulipwa kwa shilingi. Kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zilizotolewa mwaka 2025 zinakataza bei za bidhaa na huduma ndani ya nchi kutajwa au kudaiwa kwa fedha za kigeni. Tunalitaja hili kwa ajili ya maeneo ya Ruangwa na Nachingwea ambako shughuli za madini huleta wageni, na pamoja nao wenye nyumba wanaopenda kuhesabu kwa dola.

Bati linapovuja

Mvua za kusini huanza kati ya Novemba na Desemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Ndipo malumbano juu ya matengenezo yanapoanza. Msimamizi husema hana fedha, mwenye nyumba hapokei simu, na mpangaji hukinga maji kwa ndoo.

Sheria ya Ardhi inaingiza katika kila pango la makazi ahadi kadhaa za mpangishaji, hata kama mkataba haukuzitaja. Ya kwanza ni kwamba mpangaji atakaa kwa amani bila kubughudhiwa na mpangishaji au mtu anayetenda kwa niaba yake. Ya pili ni kwamba nyumba au chumba kinafaa kwa makazi ya binadamu siku pango linapoanza, na kitaendelea kufaa wakati wote wa pango. Ya tatu inahusu mpangaji wa sehemu ya jengo, kwa mfano vyumba viwili katika nyumba yenye wapangaji watano: paa, kuta za nje, kuta kuu, mifereji mikuu na sehemu za pamoja kama ujia na uani vinatunzwa na mpangishaji.

Mpangaji naye anafungwa na ahadi zake. Analipa pango kwa wakati, anatunza alichopangishwa, anarudisha nyumba katika hali aliyoikuta kwa kuzingatia uchakavu wa kawaida, na hapangishi mtu mwingine bila ridhaa. Kitasa alichokivunja mwenyewe atakinunua mwenyewe.

Msimamizi anasimama wapi hapo? Yeye ndiye mlango wa mwenye nyumba. Taarifa ya uharibifu aliyopewa msimamizi mwenye mamlaka ya kushughulikia matengenezo ni taarifa iliyomfikia mwenye nyumba. Kwa hiyo mpangaji aitoe kwa maandishi, hata kwa ujumbe mfupi wa simu: tarehe, tatizo, na picha kama anaweza. Msimamizi akikaa kimya, mwenye nyumba hawezi kujitetea kwa kusema hakuambiwa.

Mpangaji asitengeneze kwa fedha zake kisha akakata pango kwa kujiamulia. Apate kwanza kibali cha maandishi kinachotaja kazi, gharama na namna ya kurudishiwa. Vinginevyo anaweza kuonekana hajalipa pango. Pale hali inapohatarisha afya, kwa mfano choo kimetitia au ukuta umepasuka kiasi cha kutaka kuanguka, Afisa Afya wa kata aitwe kukagua. Taarifa yake ina uzito mbele ya baraza.

Kuingia ndani na taarifa za mpangaji

Kuwa na ufunguo wa akiba hakumpi msimamizi ruhusa ya kuingia apendavyo. Mwenye nyumba au wakala wake ana haki ya kukagua nyumba, lakini kwa nyakati zinazofaa, na adabu ya kawaida inataka atoe taarifa kwanza. Kuingia usiku, au kuingia mpangaji akiwa hayupo bila kumjulisha, ni kuvunja ahadi ya kukaa kwa amani.

Msimamizi anayechukua nakala ya kitambulisho cha Taifa, namba za simu za ndugu au barua ya mwajiri anapaswa kuvitumia kwa ajili ya pango tu na kuvitunza visiwafikie wengine. Kubandika mlangoni majina ya wadaiwa pamoja na namba zao, au kuyasambaza katika makundi ya simu, kunaweza kumfikisha mbele ya Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Kodi ya majengo na kodi ya zuio

Tangu Agosti 2021, kodi ya majengo hukusanywa kupitia ununuzi wa umeme wa LUKU katika maeneo inapotozwa. Tangu Julai 2023, nyumba ya kawaida hukatwa shilingi 1,500 kwa mwezi, sawa na 18,000 kwa mwaka. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo. Mpangaji ndiye anayeiona ikikatwa kwa sababu tu yeye ndiye anayenunua umeme. Atunze ujumbe wa kila ununuzi unaoonyesha makato, na katika mkataba waandikiane kwamba kiasi hicho kitapunguzwa katika pango. Kwa miezi sita ni shilingi 9,000, ambazo kwa anayelipa pango la 30,000 ni karibu theluthi ya mwezi.

Sheria ya Kodi ya Mapato nayo ina kodi ya zuio ya asilimia 10 kwenye pango analolipwa mkazi wa Tanzania. Pale inapohusika, hukatwa ndani ya pango lenyewe kwa sababu ni kodi ya mapato ya mwenye nyumba. Msimamizi anayeiongeza juu ya pango lililokubaliwa anamhamishia mpangaji mzigo usio wake.

Pango linapopanda na notisi inapotolewa

Pango la muda uliokwisha kulipiwa halipandi katikati, isipokuwa mkataba wenyewe umeruhusu. Aliyelipa miezi sita amenunua amani ya miezi sita. Pango jipya linaweza kudaiwa muda huo unapokwisha, na mpangaji yuko huru kulikubali, kulijadili au kuhama.

Kama hakuna muda uliotajwa na pango hulipwa mwezi kwa mwezi, Sheria ya Ardhi inalihesabu kuwa pango la vipindi. Kila upande unaweza kulikomesha kwa notisi isiyopungua urefu wa kipindi kimoja, nayo iishie siku ambayo pango hulipwa. Anayelipa kila tarehe 1 kwa hiyo anastahili walau mwezi mzima. Notisi ya "uwe umetoka Jumapili" haitoshi. Msimamizi anayetoa notisi aonyeshe kwamba ametumwa kufanya hivyo, kwani kupokea pango na kuvunja pango ni mamlaka mawili tofauti.

Anayedaiwa pango asidhani kwamba sheria hii inamlinda asilipe. Deni ni sababu halali ya mwenye nyumba kutaka pango likome, baada ya kufuata taratibu za notisi. Lakini deni halimpi msimamizi ruhusa ya kutumia nguvu. Kung'oa mlango, kuezua bati, kukata umeme ili mpangaji achoke, kubadilisha kufuli mpangaji akiwa kazini, au kutupa vyombo nje, vyote ni kujichukulia sheria mkononi. Mpangaji asipotoka kwa hiari, anayeidai nyumba huenda kwenye baraza lenye mamlaka, hupata amri, na amri hiyo hutekelezwa na dalali wa mahakama.

Neno dalali hapa lisichanganywe. Dalali wa nyumba ni mtafutaji wa wapangaji. Dalali wa mahakama huteuliwa na kuongozwa na kanuni za Mahakama za mwaka 2017, na hufika akiwa na amri. Mtu yeyote anayekuja kuondoa watu aombwe aonyeshe amri hiyo kabla ya jambo lolote. Asipokuwa nayo, mwenyekiti wa kijiji na polisi waarifiwe mara moja.

Mwenye nyumba anapofariki au kuuza

Kifo cha mwenye nyumba hukomesha mamlaka ya wakala wake. Hakikomeshi haki ya mpangaji aliyelipia kukaa. Hapo hutokea hatari mpya: mjane anadai pango, kaka wa marehemu anadai, na msimamizi wa zamani anaendelea kudai. Kila mmoja anaweza kuwa na hoja, lakini mwenye uwezo wa kisheria wa kupokea kwa niaba ya warithi ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Mpangaji aombe kuona barua ya uteuzi. Kabla haijapatikana, asimpe fedha anayepaza sauti zaidi. Aandike kwa wahusika wote kwamba pango lipo tayari na litalipwa kwa atakayeteuliwa, na fedha hizo aziweke kando asizitumie.

Nyumba ikiuzwa, mpangaji aombe barua ya muuzaji na ya mnunuzi, au barua moja iliyosainiwa na wote wawili, inayosema nani atapokea pango kuanzia lini. Amwonyeshe mmiliki mpya stakabadhi za miezi aliyokwisha kulipa.

Mahali pa kupeleka malalamiko

Anza na mwenye nyumba mwenyewe, kwa maandishi. Malumbano mengi na msimamizi huisha mwenye nyumba anapojua kinachotendeka kwa jina lake.

Yasipoisha, mpangaji wa kijijini anaweza kwenda Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba ambao angalau watatu ni wanawake. Kazi yake ni kusuluhisha. Hatua inayofuata ni Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Baraza la Kata halitoi hukumu katika migogoro ya ardhi, nalo linasuluhisha. Likishindwa, linatoa hati ya kuthibitisha hivyo, na hati hiyo ndiyo inayofungua mlango wa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya linalohudumia eneo husika. Siku 30 zikipita tangu shauri lifunguliwe katani bila suluhu, mlalamikaji anaweza kusonga mbele hata bila hati. Juu ya hapo iko Mahakama Kuu.

Asiyeweza kumlipa wakili anaweza kutafuta wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri inaweza kuelekeza walipo. Kwa upotoshaji wa madalali na watoa huduma, lalamiko linaweza kupelekwa Tume ya Ushindani.

Popote aendapo, mlalamikaji abebe mkataba au barua ya utambulisho, stakabadhi zote, ujumbe wa simu uliochapishwa au uliomo kwenye simu yenyewe, picha, na majina ya mashahidi.

Mfano wa stakabadhi ya pango

Msomaji anaweza kunakili mfano huu kwa mkono. Ziandikwe nakala mbili: moja ya mpangaji, nyingine ya msimamizi.

STAKABADHI YA PANGO
Tarehe ya malipo: ........
Nimepokea kutoka kwa (jina la mpangaji): ........
Shilingi (kwa tarakimu): ........ (kwa maneno): ........
Njia ya malipo (taslimu au simu, namba ya muamala):........
Kwa ajili ya pango la (chumba au nyumba, kitongoji, kijiji): ........
Kuanzia tarehe ........ hadi tarehe ........
Kodi ya majengo iliyopunguzwa katika pango: shilingi ........
Jina la mwenye nyumba: ........
Jina la msimamizi aliyepokea, na namba yake ya simu: ........
Saini ya aliyepokea: ........ Saini ya mpangaji: ........
Shahidi (jina na saini): ........